Barua ya Rumi Iliyosomwa Chebunyo

Mmeniuliza nyote, walimu wenzangu hapa shuleni Nakuru, kwa nini niliomba ruhusa ya siku mbili nikarudi baada ya sita, na kwa nini viatu vyangu viko vile. Kila nikianza kueleza, kengele inalia. Ndiyo sababu nimeandika. Habari za ruhusa na vibali nimeziruka, mnazijua na zinachosha.

Kuna jambo moja la kujua kabla sijaondoka Nakuru. Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni Kampala, tulisoma maandishi ya Wakristo wa kwanza ambayo hayamo katika Biblia. Ni mengi kuliko nilivyodhani: barua, maagizo ya ubatizo, habari za waliouawa kwa ajili ya imani. Moja niliipenda sana. Ni barua ndefu ambayo Wakristo wa Rumi waliwaandikia wenzao wa Korintho, mitume wakiwa wamekufa si zamani. Kule Korintho watu fulani, vijana wakiwamo, walikuwa wamewaondoa wazee wa kanisa kazini, na wazee hao hawakuwa na kosa lolote. Rumi ikaandika kuwaonya. Wakati wa likizo niliitafsiri kwa Kiswahili, nikaigawa sura na aya kama wasomi wafanyavyo, nikaituma zawadi kwa Mwalimu Elija arap Kirui wa Chebunyo. Huyo ndiye aliyenifundisha kusoma, na ndiye msomaji wa kanisa letu tangu sijazaliwa. Juu ya karatasi zote niliweka moja ya maelezo, kwamba barua hii si sehemu ya Maandiko Matakatifu.

Miaka miwili ikapita. Jumatano ile nikapokea maneno ya dada yangu Chelangat: "Mwalimu Elija ameshtakiwa. Wanasema amejitungia kitabu cha Biblia ili vijana wasimtoe kazini. Shauri ni Jumamosi saa sita. Wakimpata na hatia wanamfukuza kanisani kabisa, si kusoma tu. Na wewe ndiye ulimtumia kile kitu. Njoo upesi."

Nilichukua kitabu chenye ile barua, Kigiriki upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, nikakifunga ndani ya shati.

Nakuru mpaka Chepseon

Basi lilitoka Alhamisi saa mbili asubuhi, nami nikaanza kutunga maneno ya kusema mbele ya wazee kabla hata hatujaacha mji. Nilikuwa na hotuba mbili. Ya kwanza ilisema: Mwalimu hakutunga chochote, mimi ndimi niliyemtumia, na nilimwonya kwa karatasi. Ilikuwa kweli tupu. Lakini nilipoigeuza upande wa pili niliona kwamba ikimtoa katika kosa la kutunga itamtia katika kosa la kiburi. Watauliza: kama ulionywa, mbona ulisoma mbele ya madhabahu? Hotuba ya pili iliiacha ile karatasi isitajwe. Hiyo ilimwokoa Mwalimu na kuniacha mimi na lawama ambayo haikuwa yangu. Niliendelea hivyo mpaka mama aliyekaa karibu nami aliniuliza kama nina malaria.

Chepseon palikuwa na kizuizi. Mnajua jinsi ilivyo tangu Hali ya Hatari ianze kwa ajili ya waasi wa msituni: watu wanashuka, mizigo inafunguliwa. Askari alifungua shati langu, akafungua kitabu, akakigeuza juu chini.

"Hii ni lugha gani?"

"Kigiriki, afande."

"Ya kabila gani?"

"Wagiriki."

"Hao wako mkoa gani?"

"Hawako Kenya, afande. Walioandika hiki wamekufa."

"Wote?"

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema ndiyo. Mimi nikafikiri kwamba Wagiriki bado wapo, na kwamba kumdanganya askari ni kosa. "Si wote," nikasema. "Walioandika hiki tu."

"Kwa hivyo wengine wako." Akamwita mwenzake. "Na hii maneno inasema nini?"

"Inahusu watu walioasi wakubwa wao wakawaondoa madarakani."

Maneno yalipokwisha kutoka ndipo niliyasikia. Yule wa pili aliishika bunduki yake vizuri zaidi. Nilianza kueleza kwamba barua inawalaumu walioasi, haiwasifu, kwamba ni habari ya kanisa, kwamba ni ya zamani sana, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonisogeza kando. Dereva aliwasha gari. Yule mama alinirushia mkoba wangu dirishani na kusema, "Pole, mwanangu. Sasa hata kama ni malaria, utafanya nini?"

Nilikaa kwenye jiwe mpaka jioni nikingoja mkubwa wao aje. Mwuza chai wa pale aliniletea mahindi na maharagwe kwenye bakuli la bati, akaniambia nisijali, wiki iliyopita walimzuia mtu mwenye darubini ya kupimia mashamba. Mkubwa alipofika, Mzungu kijana mwenye uso uliochomwa na jua, alifungua kitabu na kusoma mistari miwili kwa sauti ya kusitasita. Kisha alicheka kwa uchovu. Alisema alichapwa viboko vingi utotoni kwa ajili ya herufi hizo, na hakutarajia kuzikuta Chepseon. Akanirudishia kitabu kwa vidole viwili.

Nililala kwa mwuza chai, juu ya magunia. Sikulala vizuri. Magunia hayakuwa na ubaya.

Chepseon mpaka Kericho

Hii ilikuwa fupi. Lori la mahindi lilinichukua Ijumaa alfajiri, na saa mbili nilikuwa Kericho nikila mandazi mawili na kuambiwa kwamba hakuna gari la Bomet. Barabara kuu ilikuwa imekatwa na mvua. Labda kesho, labda Jumatatu. Niliwauliza watu watatu nikapata majibu matatu, nami nikamwamini yule aliyeniudhi zaidi, ambaye alisema hakuna kabisa.

Alikuwa dereva wa lori la masanduku matupu ya chai, mtu mzima mwenye kofia ya sufu. "Mimi nakwenda Boito," akasema. "Ukifika Boito una miguu. Unakata chini mpaka Kipsonoi, unavuka, unatokea Bomet. Wewe si mtoto wa huku? Ama shule imekula miguu?"

Boito ilinifaa kwa sababu nyingine pia. Ile tafsiri sikuituma Chebunyo moja kwa moja. Niliipitisha kwa Mama Nyambura, mwenye duka pale Boito, rafiki wa marehemu mama yangu, naye akampa mtu wa ng'ombe aliyekuwa akirudi Chebunyo. Kama ile karatasi ya juu ilipotea, labda ilipotelea kwake.

Kericho mpaka Boito

Nilipanda juu ya masanduku. Nilidhani tutafika kwa saa moja na nusu. Sikujua kwamba dereva ndiye posta ya njia nzima. Katika kila kambi ya wachuma chai alisimama, akapiga honi, na watu wakaja na vikapu mgongoni kuchukua barua, sabuni, dawa ya macho, na mahali pamoja jogoo aliyekuwa amefungwa miguu karibu nami na kunitazama tangu Kericho. Mahali pengine tulikwama matopeni. Wachumaji walishuka mstarini kusukuma, wakasukuma huku wakimcheka dereva, na mmoja akanipigia kelele, "Wewe mwenye tai! Hiyo tai ifunge kwa lori uvute!" Nilishuka nikasukuma. Hapo ndipo kiatu cha kwanza kilipoharibika.

Tulifika Boito saa saba. Mama Nyambura alikuwa mlangoni akipima chumvi. Yeye na mume wake, fundi wa mbao kiwandani, walitoka Nyeri kabla ya vita kuu na wamezaa watoto wote hapo. Tangu Hali ya Hatari ianze watu wa Nyeri hawaruhusiwi kusafiri ovyo, basi yeye huisubiri dunia ije dukani kwake, na dunia huja.

"Kiprono! Umekonda. Kalia hapo." Aliniwekea viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga, akanitazama nikila mpaka nikamaliza, ndipo akaruhusu mazungumzo.

Nikamwuliza juu ya ule mzigo.

"Niliutoa kama ulivyokuja. Hata uzi sikugusa, isipokuwa panya alikuwa ameanza pembeni, nikafungua kidogo kuona kama amekula."

"Karatasi ya juu ilikuwapo?"

"Ilikuwapo. Ile yenye mwandiko mzuri, mistari michache katikati. Mimi sijui kusoma lakini najua mwandiko wa mtu aliyejitahidi. Nilisema, huyu mtoto anamheshimu mwalimu wake."

Nitawaambia ukweli: nilifurahi. Karatasi ilifika, onyo lilifika, kosa halikuwa langu. Nilikunywa chai yake kwa raha kwa muda wa kikombe kimoja. Halafu nikagundua kwamba nimefurahia jambo litakalomtoa mzee wangu kanisani, na chai ikaanza kuwa chungu.

"Na sasa nieleze," Mama Nyambura akasema, akisogeza kiti. "Yule ndege ni wa kweli?"

"Ndege gani?"

"Wa kwenye Biblia yenu ya Chebunyo. Anaishi miaka mia tano, peke yake, hana mwenzake. Akizeeka anajijengea kiota cha manukato, anakufa ndani yake, halafu kutoka nyama yake anatoka mdudu, na mdudu anaota manyoya. Watu wa ng'ombe wamenieleza. Mtu wa Litein aliyepita hapa amenieleza pia. Nilimwambia mchungaji wetu, akasema hajamwona mahali popote, nikamwambia basi hujasoma mpaka mwisho."

Nikashika kichwa. Ndege huyo yumo katika ile barua. Wale Wakristo wa Rumi walimtaja kama mfano wa ufufuo, wakiamini wanayosimuliwa juu ya nchi za mashariki. Mwalimu Elija alikuwa amemsoma Chebunyo Jumapili moja, naye sasa alikuwa amefika Litein na Boito kabla yangu, bila kizuizi.

"Mama," nikasema, "huyo ndege hayumo katika Biblia."

"Ni vibaya," akasema. "Alinisaidia nilipomzika Wangari."

Wangari alikuwa binti yake. Nilisimama nikamsaidia kumalizia kupima chumvi.

Boito mpaka Kipsonoi

Kuanzia saa nane nilitembea. Njia inashuka kutoka kwenye chai, inapita mashamba ya mahindi, inashuka tena. Mvua ilinikuta katikati, ile ya mawe madogo. Nilifunga kitabu ndani ya shati, na shati ndani ya koti, nikatembea na fulana. Nilipofika Kipsonoi ilikuwa karibu saa kumi na moja, na daraja la miti lilikuwa limebaki mti mmoja.

Ng'ambo alikuwa mtu akifukuza ndama nyumbani. Alinitazama nikitazama ule mti. Nilipima upana wake kwa macho, nikapima viatu vyangu, nikafikiri habari ya kitabu.

"Unangoja ukue?" akaniuliza kwa Kikipsigis.

Nilivuka kwa kukaa, kama mtoto. Yeye hakucheka mpaka nilipofika, kisha alicheka vizuri. Jina lake lilikuwa arap Tonui. Alinichukua kwake, mkewe akatuandalia kimyet, ugali wa wimbi, na mboga za kienyeji, na mursik, maziwa ya mgando, katika kibuyu, nami nikala kama mtu aliyeokolewa. Aliuliza ninakwenda wapi na kitabu kinachopewa koti huku mwenyewe akilowa. Nikamweleza. Hakuwa Mkristo, kwa hiyo nilianza mbali.

"Ngoja," akanikata. "Barua iliandikwa na nani?"

"Watu wa Rumi."

"Kwa nani?"

"Watu wa Korintho."

"Ugomvi ulikuwa wa nani?"

"Wa Korintho."

"Na nyinyi wa Chebunyo mnaisoma ya nini? Kwetu barua ya mtu haisomwi."

Nikamwambia kwamba hata zile zilizomo katika Biblia, nyingi ziliandikiwa watu wengine, wa miji ya mbali.

Alimgeukia mkewe. "Unasikia? Kitabu kizima ni barua za watu." Akanimiminia maziwa mengine. "Basi nyinyi mna tabia. Lakini huyo mzee wenu si wa kwanza kuisoma, au siyo? Ilianza kusomwa lini?"

Nikasema kwamba Korintho wenyewe waliendelea kuisoma kanisani kwa miaka mingi baada ya ugomvi kwisha. Makanisa mengine pia. Wako waliodhani ni Maandiko. Ilichukua vizazi kukubaliana kipi kiingie na kipi kibaki nje.

"Vizazi," akasema arap Tonui. "Na mzee wenu amepewa mpaka kesho saa sita."

Kipsonoi mpaka Chebunyo

Jumamosi niliamka kabla ya jogoo, nikafika Bomet nikiwa na tope mpaka magotini na kiatu cha pili kimeachama. Gari la mnunuzi wa ngozi lilikuwa likienda Sigor. Nilikaa juu ya ngozi. Sitaeleza harufu, wale mnaokaa karibu nami mezani mliieleza wenyewe Jumatano. Mnunuzi alisimama mara nne kubishana juu ya ngozi zenye matundu, na kila mara nilimwangalia kwa macho ya kusihi, na kila mara alidhani nataka kukojoa.

Sigor tulifika saa tano na nusu. Kutoka hapo ni nchi ya ng'ombe, kavu hata wakati wa mvua, miiba na vumbi jekundu. Nilikodi baiskeli kwa fundi wa baiskeli, na mnyororo wake ukakatika mwendo wa nusu saa. Nikaisukuma. Ilipofika saa sita nilisimama njiani nikatazama jua, kana kwamba kulitazama kungelizuia. Hotuba zangu mbili zote zilikuwa zimenitoka kichwani. Nilibaki na jambo moja: wakimfukuza sijafika, nitakuwa nimemwua kwa zawadi.

Chebunyo

Niliingia kanisani saa nane kasoro robo, na bado walikuwa wakisema. Sisi wa Chebunyo hatufupishi mambo. Wazee walikuwa kwenye benchi la mbele, katikati yao Mzee Paulo arap Maritim, mwenyekiti. Mwalimu Elija alikaa peke yake kwenye kigoda, ameshika kofia yake. Mbele yake mezani lilikuwa daftari lake. Lazima nieleze daftari hilo. Kanisa letu lina Biblia moja kubwa, haitoki. Mwalimu akienda kusomea watu katika nyumba za sala za mbali, hunakili sura kwa mkono na kubeba daftari. Ile barua yangu aliinakili humo humo, baada ya barua za mtume, kwa mwandiko ule ule.

Aliyekuwa amesimama ni Simeoni, wa rika langu. Tuliingia jandoni pamoja. Amemaliza darasa la nane na ana cheti, na vijana wanataka asome yeye.

"Wazee wangu, nimetafuta Biblia nzima," alikuwa akisema. "Wakorintho wa kwanza yuko. Wakorintho wa pili yuko. Huyu wa Mwalimu ametoka wapi? Na sikieni anasema nini! Eti wazee wasiondolewe kazini. Ajabu! Mtume amekaa huko mbinguni, amesikia mambo ya Chebunyo, ametuma barua." Vijana wakacheka. Kisha akaniona. "Na huyu ametoka shimo gani?"

"Nimetoka Nakuru," nikasema. "Barua nilituma mimi."

Nilifungua koti, nikafungua shati, nikaweka kitabu mezani. Nikaeleza vibaya, nikianza katikati, lakini nikaeleza: ni barua ya kweli, ya kale kuliko watu wote tuwajuao, Mwalimu hakutunga hata neno.

Simeoni alitazama Kigiriki. "Hizi herufi hata wewe unaweza kuzitunga."

"Basi soma upande huu. Ni Kiingereza, na Kiingereza unakijua. Mzee Paulo amwambie mtu mwingine asome daftari. Wewe utuambie kama ni moja."

Mzee Paulo alipenda hilo. Alimwita dada yangu Chelangat asome daftari, na akachagua mwenyewe mahali: "Pa ndege." Chelangat alisoma mstari, akanyamaza; Simeoni aliufuata Kiingereza kwa kidole, midomo ikitembea. Mia tano. Kiota. Manukato. Mdudu. Angeweza kusema si sawa; hakuna mwingine mle ndani, ila mimi, ambaye angejua. Alifunga kitabu polepole.

"Ni ile ile," akasema. "Hakutunga."

Nilidhani tumemaliza. Lakini Mzee Paulo aliniuliza, "Hiki kitabu ni Biblia?"

"Hapana, mzee."

"Mwalimu alijua?"

Hapo ndipo nilipopaogopa tangu Nakuru. Nikasema, bila kumtazama Mwalimu, kwamba niliweka karatasi ya juu yenye onyo.

"Ninayo," akasema Mwalimu Elija.

Alisimama, akafungua Biblia kubwa, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya kitambaa. Ilikuwa safi kama siku niliyoituma. Akaiweka mezani karibu na kitabu changu, nami nikaiona, mwandiko wangu mzuri, mistari sita katikati, na nikahisi baridi ya Kipsonoi tena. Ilikuwa ya Kiingereza.

Kazi yote niliifanya kwa Kiswahili, kurasa arobaini. Onyo peke yake nililiandika kwa Kiingereza. Nilikuwa nimelinakili kutoka daftari la masomo kwa sababu lilisikika vizuri, na kwa sababu, niseme tu, nilitaka karatasi ya juu ionekane ya msomi. Mwalimu Elija hajui Kiingereza. Nilijua hajui. Aliniambia mwenyewe nikiwa na miaka minane.

"Tazama," Mwalimu alimwambia Mzee Paulo, akigeuza ukurasa wa kwanza wa Biblia, ule wa wachapaji. "Kizungu." Akachukua kitabu cha nyimbo. "Kizungu mbele." Akachukua katekisimu. "Kizungu mbele. Kila kitabu cha Mungu kilichotufikia hapa kimekuja na ukurasa wa Kizungu mbele. Kilipokuja hiki cha Kiprono, nikatazama kwanza kama kinao. Kinao. Nikajua kimepita mikononi mwa wakubwa."

Mzee Paulo alinisukumia karatasi. "Tusomee kwa lugha ya watu."

Nilisoma. Kisha nilisema kwamba aliyekosa ni mimi, kwamba nilimwonya mtu kwa lugha asiyoijua, na hilo si kuonya. Sikuongeza kitu. Mnaonijua mtashangaa.

Wazee walinong'ona kidogo. Mzee Paulo akasema Mwalimu hana hatia, kosa ni la mwanafunzi, na mwanafunzi atawapa watu maelezo kesho. Mwalimu aendelee na kazi yake.

Lakini Mwalimu alibaki amesimama.

"Barua inaendelea," akasema. "Siku nilipoisoma mwisho wake mvua ilikuwa kubwa, mlikuwa watu saba. Wale wa Rumi hawakuwasema vijana tu. Mwishoni wanauliza nani kati yenu ana moyo mkubwa, aseme: kama ugomvi ni kwa ajili yangu, mimi naondoka, kundi lipate amani." Alitia mkono mfukoni, akaweka ufunguo wa kanisa juu ya daftari. "Nilikuwa nangoja kwanza mjue kwamba sikutunga."

"Mwalimu," akasema Mzee Paulo, "tumesikia sasa hivi si Biblia. Haikufungi."

"Kijana amesema si Biblia. Hakusema ni uongo."

Hakuna aliyeugusa ule ufunguo. Simeoni aliutazama kama mtu anayetazama nyoka. "Mimi nilitaka uondolewe," akasema. Sauti ilikuwa imempungua. "Sikutaka uondoke."

"Ni mlango ule ule," akasema Mwalimu. "Chukua. Kofuli ni ngumu wakati wa mvua. Inua kidogo kabla ya kuzungusha."

Jumapili

Simeoni alisoma. Alisoma vizuri kuliko nilivyotaka. Mahali pamoja alipotea mstari, akainua macho, na Mwalimu Elija, aliyekaa benchi la nne katikati ya wakulima, akamwonyesha kwa midomo. Mimi nilieleza habari ya ile barua, na nilieleza kwa ufupi.

Baada ya baraka watu walitoka nje wakakaa kwenye majani, hawakwenda nyumbani. Bibi mmoja akasema kwamba kama si Biblia, basi haina ubaya kuisoma nje, na kwamba anaomba pa ndege. Mwalimu alileta kigoda na daftari. Nilimkumbuka Mama Nyambura, nikaamua kurudi kwa njia ya Boito nikamwambie kwamba barua ni ya kweli hata kama ndege sina hakika naye. Nilimwambia hivyo Jumatatu. Alisema hakika yake inamtosha.

Mchana huo Mwalimu aliniita nyumbani kwake, akanipa kalamu na ukurasa mweupe. Niandike tena lile onyo, akasema, alibandike mbele. Nilianza, nikakata; nikaanza tena, nikatafuta neno la Kiswahili kwa jambo fulani la chuoni, nikakata. Alikuwa akimenya muwa bila kuniharakisha. Mwishoni niliandika: "Hii si Biblia. Ni barua ya Wakristo wa zamani."

Aliuchukua ule ukurasa, akausogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akahesabu kwa kidole.

"Maneno tisa," akasema. "Haya ndiyo yaliyokushinda?"